Mkono Begani kwa Mzee Elungat

Kazi ya Aanyu ilikuwa kuwatoa watu ndani ya video. Hivyo ndivyo watu wa Busia walivyosema, na hawakuwa na nia mbaya. Mtu akifa, familia ikagundua kwamba marehemu hakuwahi kupigwa picha ya maana ila ile ya kitambulisho, ambayo hata mkewe mwenyewe angeikana, basi walikuja dukani kwake mtaa wa Sofia, upande wa Uganda, na flashi yenye video ya harusi ya fulani. Mzee yumo humu, walisema. Naye Aanyu aliipeleka mbele, akairudisha nyuma, mpaka amkute marehemu kabla hajawa marehemu, akitafuna nyama au akisinzia wakati wa hotuba. Hapo aliisimamisha video, akaikamata picha hiyo moja, akaikata pembeni, akaung'arisha uso, akaichapa kubwa ya kuwekwa juu ya jeneza.

Usidhani ni kazi rahisi. Kwenye video hakuna anayetulia. Ukimsimamisha mtu unamkuta jicho moja limefumba, mdomo umepinda, mate yako njiani. Aanyu alijua kuipata ile nukta ndogo ambayo mtu anafanana na vile wenziwe wanavyomkumbuka. Alikuwa fundi, na tusimnyime sifa yake, maana ndiyo iliyomponza.

Siku Ojangole alipoingia, ilikuwa kiangazi kikavu na vumbi la malori ya mpakani lilikuwa limetanda hadi kwenye kibodi. Baba yake, mzee Elungat wa Merikit, alikuwa amefariki. "Mama, picha ya mzee hapana," alisema kwa sauti ya mtu aliyelia akachoka. "Yeye alikuwa anakataa picha. Iko hii tu, ya siku ile tulipeleka dada."

Kevo aliitambua video hiyo mara moja, kwa kuwa aliipiga yeye. Kevo alikuwa mpiga kamera wa Aanyu, Mjaluo wa Busia ya Kenya, aliyevuka mpaka kila asubuhi na begi lake begani akiwatania askari kana kwamba ni shemeji zake. Akasogeza kiti, wakatazama wote watatu. Mzee Elungat alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, mgongo umeegemea ukuta wa nyumba, kavaa koti la kijivu. Mtu akasema kichekesho, mzee akainua uso akatabasamu, na Aanyu akaisimamisha hapo hapo.

Ilikuwa picha safi kabisa, isipokuwa mkono. Ulikuwa juu ya bega la kulia la mzee, umetokea nyuma yake, mkono wa kulia, vidole virefu vimeshuka kwenye koti na gumba limeelekea shingoni. Kidole cha shahada hakikuwa na kucha. Kevo akauliza ni nani huyo tena. Aanyu alikuwa anautazama ukuta. Kati ya mgongo wa mzee na ule ukuta usingepitisha hata kitabu cha nyimbo.

Akaiendesha video. Mkono hakuna. Mzee anatabasamu peke yake, watu wanacheka. Akaisimamisha. Mkono upo.

Aanyu hakuogopa, maana kompyuta alizijua kwa uongo wake. Video ikisimamishwa wakati mwingine huchanganya picha mbili zilizopakana, akamweleza Ojangole, na bila shaka mgawa soda alipita hapo. Ojangole hakutaka maelezo ya mgawa soda. Alichotaka ni mkono utoke. Na hapo sote tunamwelewa, maana ni nani kwetu anayekubali mkono wa mtu hai uonekane kwenye picha ya maiti? Waombolezaji wangeanza kuulizana ni wa nani, na mwenye mkono angeambiwa anamsindikiza marehemu mpaka ndani ya kaburi. Mtu yeyote wa hapa angesema, futa. Aanyu akafuta. Alichukua kipande cha koti hapa, kipande pale, akavifunika vidole kimoja kimoja hadi bega likabaki tupu.

Alipokifunika cha mwisho, duka likanuka udongo mbichi, udongo wa shimo lililochimbwa sasa hivi, na mvua haikuwa imenyesha tangu Krismasi. Kevo akatoka nje kutazama kama kuna watu wanaochimba mtaro. Hakukuwa na mtu.

Mzee Elungat alizikwa vizuri, na watu wakaisifu picha yake. Aanyu akaendelea na kazi nyingine, ya harusi ya msichana aitwaye Harriet, iliyofanyika Tororo. Harriet hakuzipenda picha za mpiga picha wake, alisema zimemfanya aonekane kama anayesubiri kupimwa malaria. Alitaka ile nukta ya kwenye video alipocheka keki ikimwangukia bwana harusi. Aanyu akaitafuta, akaisimamisha, na mkono ulikuwa begani kwa Harriet.

Kwanza akajiambia ni msimamizi wa bibi harusi. Kisha akaona kidole kisicho na kucha. Akaketi kitambo akiyasikia malori, halafu, kwa kuwa mkono wa fundi hufanya kilichozoeleka hata kichwa kikikataa, akaufuta. Harufu ya udongo ikaja. Na kutoka upande ule wa meza ambao hakuna mtu, akasikia vidole vinagonga mbao taratibu, kimoja kimoja, kama vya mtu anayesubiri kuhudumiwa.

Harriet alipita kuiangalia picha. Alikuwa analisugua bega la kulia akilaumu mkanda wa begani wa gauni, kwamba ulimbana vibaya na bado unamuuma. Hakurudi. Aliyekuja kuichukua picha ni kaka yake, akaomba iandikwe tarehe mbili chini, ya kuzaliwa na ya kufa, kwa sababu familia haikuwa na nyingine nzuri zaidi. Aanyu aliziandika, akakosea, akarudia.

Hakumwambia Kevo. Nadhani aliona aibu, na aibu ni kitu kibaya, imeua wengi kuliko kipindupindu. Alichofanya ni kuapa kutosimamisha video yoyote, na kwa siku kadhaa alifanikiwa, akawaambia wateja kompyuta mbovu. Lakini alipokuwa anasafisha kadi ya kamera akakuta kipande kidogo ambacho Kevo alijipiga mwenyewe siku ya harusi ya Harriet, akijaribu mwanga, anaikunjia kamera uso. Aanyu akacheka. Kidole chake kikabonyeza kama kilivyobonyeza maelfu ya mara.

Kevo alikuwa mlangoni anakula chapati. Alimwona Aanyu alivyobadilika rangi, akaja akasimama nyuma yake, na wote wakakitazama kile kidole kisicho na kucha juu ya bega lake.

"Na Harriet pia?" Kevo akauliza polepole.

Aanyu akaitikia kwa kichwa.

"Futa, dada yangu. Tafadhali futa."

Akafuta, machozi yakimtoka, akifunika kidole baada ya kidole kwa vipande vya shati la Kevo, na kadiri alivyofunika ndivyo Kevo alivyojitahidi kutania, akisema kweli sasa anajiona mwepesi, kweli, hata begi angelibeba kwa kidole, ilhali begi lilikuwa mezani muda wote na bega lake la kulia lilikuwa limeinama kuliko la kushoto. Aliondoka mapema. Aanyu alisimama mlangoni akamwona anavuka mpaka bila kumtania askari hata mmoja. Kesho yake Maurine, mke wa Kevo, akapiga simu, na Aanyu alijua kabla hajaipokea.

Kwenye matanga Maurine alimwomba picha. Aanyu akasema hana. Ulikuwa uongo, na alimwangalia yule mwanamke usoni akausema.

Sasa sikiliza jambo ambalo Aanyu aliogopa kuliko yote. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Babra, wa darasa la tatu, mwenye sauti nzito isiyolingana na mwili wake. Baba yake alikwenda Juba kuendesha malori, na kule akapata nyumba nyingine. Yote aliyokuwa nayo Aanyu duniani yalikuwa hayo: duka, na Babra. Na ndani ya kompyuta ile ile ilikuwamo video ya sherehe ya kufunga shule, Babra akiimba mstari wa mbele na sweta lake la bluu. Ikiendeshwa haina tatizo. Aliitazama mara nyingi ikikimbia, mtoto anaimba, mabega yote mawili matupu. Angeiacha hivyo. Lakini jirani yake dukani, muuza simu, alimwambia kwamba jana Babra alipita akiegemea upande, kama aliyebeba ndoo.

Akaisimamisha. Ulikuwapo.

Alipiga yowe dogo, akaliziba kwa kanga. Hakufuta. Alikuwa ameelewa, japo kwa kuchelewa, kwamba kila alipofuta alikuwa anaufukuza mahali pake utafute pengine. Akafunga duka saa sita mchana, akapanda bodaboda hadi Dabani kwa Mama Loy.

Mama Loy alikuwa mjane wa katekista, Msamia, na watu walimwendea kimya kimya baada ya misa, wale ambao padri aliwaombea na hali ikabaki ile ile. Alikuwa anapepeta karanga. Hakuuacha ungo, alisikiliza yote akipepeta, na Aanyu alipomaliza ndipo akauweka chini.

"Hilo ni jini la kusindikiza," alisema. "Humshika mtu mpaka afe, likishuka naye kaburini kazi yake imekwisha, linalala huko. Mzee Elungat alikuwa wake. Alikuwa anakwenda nalo. Wewe ukalitoa."

"Nilifuta tu, mama."

"Ukisukuma taka chini ya kitanda umefagia? Lirudishe kwa mwenyewe. Likate huko lilipo, lote, usiache hata ncha. Libandike kwa mzee, umpelekee. Mimi nitakuja na maji na rozari."

Aanyu akauliza kama mtoto atapona. Mama Loy akaurudia ungo wake, akasema kazi ya kwanza ni kukata.

Basi Aanyu akakata. Ilikuwa mchana wa jua kali, mtaa mzima macho, muziki unapigwa kwa muuza simu, na hata hivyo ndani ya duka mlikuwa na baridi kama ya kisimani. Alimketisha Babra kwenye benchi mlangoni, mahali anapomwona, akaikuza picha mpaka mkono ukajaa kioo, akaanza kuuzungushia mstari. Aliuzungusha taratibu, gumba kwanza, kando ya shingo ya mwanawe, akijua kwamba akiingia ndani sana ataacha kipande na akitoka nje sana atakata shingo, na hakujua kukata shingo pichani kungefanya nini kwa ile shingo iliyokuwa mlangoni ikimenya ndizi, na kila alipofika kwenye ukingo wa kucha vidole vya mezani viligonga, na harufu ya udongo ikapanda hadi akaisikia kwenye ulimi, na Babra akasema kwa ile sauti yake nzito, mama, kitu kinanikwaruza, naye akamwambia tulia mwanangu, usijikune, karibu namaliza, karibu, akapita kidole cha shahada, cha kati, cha pete, cha mwisho, mpaka mstari ukakutana na mstari.

Akaubeba. Akaushusha begani kwa mzee Elungat, kwenye koti la kijivu, na ukakaa pale kama mtu aliyerudi kwenye kiti chake. Babra akashusha pumzi ndefu, akaomba ndizi nyingine.

Walikwenda Merikit kesho yake asubuhi, yeye na Mama Loy. Ojangole alipoiona picha alikasirika, akasema mama, wewe natuletea mkosi nyumbani, mkono si tulitoa? Mama Loy akamvuta kando chini ya paa la jikoni, akazungumza naye kwa muda. Ojangole alirudi amebeba jembe. Wakaichimba ardhi upande wa kichwani pa kaburi, Mama Loy akanyunyiza maji ya baraka na kuomba kwa Kisamia, kisha akaanza kutetemeka, akaliambia jini kwa Kiswahili, nadhani ili wote wasikie, kwamba huyu ndiye wako, lala naye. Picha ikafukiwa. Udongo ulipoishindilia, ile harufu ikakatika ghafla, na Aanyu akanusa moshi wa jikoni na mavi ya ng'ombe, vitu vya kawaida, akalia kwa furaha. Ojangole naye akalia, hakujua kwa nini.

Kikapita kiangazi, zikaja mvua. Babra alitembea wima. Aanyu alimtafuta Maurine, akampa ile picha ya Kevo aliyekunja uso, bega tupu, na hakumweleza kitu. Alirudia kazi yake pia, kwa sababu mtu hula. Mwanzoni alisimamisha video huku amefumba macho, akayafumbua kidogo kidogo. Hakuna kitu. Maharusi, mapadri, watoto wa ubatizo, wote na mabega yao.

Shuleni kwa Babra walikuwa wanatengeneza kalenda, wakamwomba Aanyu atoe picha kwenye video ya mashindano ya nyimbo. Alifanya hivyo siku ya Jumamosi, mchana, Babra akiwa pale pale dukani, amekaa sakafuni na daftari la hesabu. Alikuwa anaimba kwa sauti ya chini, mwana wa watu. Aanyu akampata kwenye video akiwa amefungua mdomo wote, mzuri, akaisimamisha.

Bega la kulia lilikuwa tupu. Aliliangalia hilo kwanza, kwa mazoea, akashukuru.

Mkono ulikuwa begani kushoto. Kidole cha shahada kilikuwa na kucha. Vyote vilikuwa na kucha, ndefu, zimejaa udongo, kama za mtu aliyekuwa anachimba.

Akajishika kwenye meza. Akajipa moyo kwamba pengine picha imegeuzwa kama kwenye kioo, kamera za simu hufanya hivyo, na kwamba huu ni ule ule wa kulia umeonekana kinyume. Akatazama sweta. Jina la shule kifuani lilisomeka vizuri, kutoka kushoto kwenda kulia, kila herufi mahali pake. Picha haikuwa imegeuzwa. Gumba lilielekea shingoni. Ulikuwa mkono wa kushoto.

Alimpigia Mama Loy, akamweleza kwa kunong'ona ili mtoto asisikie. Upande wa pili karanga zikasikika zinapepetwa, kisha hazikusikika.

"Wa kushoto," Mama Loy akasema. "Unatafuta mwenzake. Sisi ndio tuliomzika."

"Nimpelekee nani sasa, mama? Huu ni wa maiti gani?"

Mama Loy akamwambia, kwa upole, kwamba huu hauna maiti bado. Aanyu akaendelea kuishikilia simu sikioni muda mrefu baada ya kukatika.

Mshale wa kompyuta ulikuwa umesimama juu ya ule mkono. Angeweza kuufuta, ni kazi ndogo, na hata alimfikiria mtoto wa pembeni katika ule mstari wa waimbaji, wa mama mwingine, Mungu amsamehe. Akautoa mkono wake kwenye kompyuta. Akaondoka kitini, akaenda kukaa sakafuni nyuma ya Babra, akamvuta kifuani. Hakukuwa na kingine cha kufanya ila kumshika. Akaona bega la kushoto la mtoto limeanza kushuka.

"Mama, tisa mara saba?"

"Sitini na tatu, mwanangu," Aanyu akasema, na akaliwekea lile bega kiganja chake.

Chini ya kiganja akakuta vidole vingine. Vilikuwa vya baridi, na vilikuwa vimeshika sana. Vikasogea kidogo, vikampisha.